Sumni Yetu Iko Wapi?

Iandike tarehe hii: 27 Agosti 2030. Iandike ukutani, iandike nyuma ya kadi ya kliniki, iandike popote ambapo macho yako hayakosi kupita. Siku hiyo haki yako moja inazikwa, na hadi leo hujaambiwa hata kwamba ni mgonjwa.

Naisema Hazina ya Usawazishaji, ile ya Kifungu cha 204 cha Katiba ya Kenya. Wewe unayenisoma Kinango, Ganze, Garsen, Mwatate, Faza: Katiba ilikuandikia wewe. Haikumwandikia gavana. Haikumwandikia mbunge. Wewe.

Hukuijua? Basi kaa tuzungumze, maana subira yangu imekwisha na yako sijui unaiwekea nini.

Tulipoipitisha Katiba mwaka 2010 tulikubaliana jambo dogo sana. Katika kila shilingi mia ambayo serikali ya kitaifa inakusanya, senti hamsini ziwekwe kando. Sumni! Sumni ambayo siku hizi ukimtuma mtoto nayo dukani atadhani unamtania. Sumni hiyo ipeleke maji, barabara, hospitali na umeme kwenye sehemu zilizoachwa nyuma, mpaka huduma zao zikaribie zile ambazo Wakenya wengine wamezizoea. Na kwa kuwa waliotunga Katiba waliamini aibu ya namna hii haifai kudumu, waliiwekea muda. Miaka 20, basi.

Miaka inayoyoma. Sumni iko wapi?

Tena tusidanganyane kwamba umaskini wetu uliletwa na ukame. Ukame ni wa Mungu. Umaskini huu una karatasi yake. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilichapisha Waraka wa Bunge Nambari 10, ule uliojipamba kwa jina la Ujamaa wa Kiafrika, ukaeleza bila kupepesa macho kwamba pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi. Penye rutuba. Penye mvua. Penye reli na umeme tayari. Matunda yake, wakasema, yatakuja kuwafaa na wengine baadaye.

Soma tena polepole. Aliye nacho aongezewe, asiye nacho asubiri.

Tukasubiri. Ngojangoja huumiza matumbo, na matumbo yetu yameumia zaidi ya nusu karne. Reli ilipita ikituacha, hospitali kubwa zikajengwa kwingine, walimu wakaomba uhamisho kabla hawajafungua mizigo. Kisha anatokea mtu kwenye runinga, ameshiba, anauliza kwa nini watu wa kaunti fulani hawapendi kazi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; huyu hata hataki kumjua.

Kwa hiyo asikuite mtu ombaomba unapoidai sumni hii. Si sadaka ya Ijumaa. Ni malipo ya uamuzi uliofanywa ofisini Nairobi na watu waliojua wanachokifanya.

Nenda Kinango au ndani Ganze mvua zikikataa. Silanga imebaki tope katikati na ufa pembeni. Akina mama wameshuka na mitungi ya njano kabla jua halijatoka. Wanafukua shimo kwenye tope, wanangoja lijae, wanachota kwa kikombe. Kikombe, tena kikombe. Maji yanapitishwa kwenye leso iliyofungwa mdomoni mwa mtungi ili matope yabaki juu, na leso ikitolewa ina rangi ya chai ya maziwa. Mbuzi wanakunywa upande wa pili wa shimo hilohilo. Kwenye foleni yumo msichana wa darasa la sita, sare amevaa, mkoba amebeba, na kengele ya shule ilishalia zamani.

Huyo ndiye aliyeandikiwa Kifungu cha 204. Hana habari.

Sasa fuata mabomba. Mji wa Mombasa unakunywa maji ya chemchemi za Mzima kutoka Taita Taveta, ya Marere kutoka Kwale, ya Baricho kutoka Kilifi. Kaunti zote hizo tatu zimo katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotambuliwa rasmi mwaka 2013 kuwa zimetengwa kimaendeleo. Lamu na Tana River nazo zimo. Yaani kati ya kaunti sita za Pwani, ni Mombasa pekee iliyoachwa nje ya orodha. Sisemi Mombasa ife kiu. Watu wa Mombasa wenyewe wananunua maji ya mkokoteni, na Bomba la Pili la Mzima wameahidiwa hadi ahadi yenyewe imezeeka. Nasema hivi: inawezekanaje nchi ijue kuyatoa maji Taita tangu enzi za mkoloni, iyafikishe baharini, na hadi leo isijue kuyapeleka kijiji cha jirani?

Ujuzi upo. Mabomba yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuona haya.

Wala si Pwani peke yake. Kule Marsabit, upande wa Ziwa Turkana, kumesimamishwa mitambo 365 ya upepo, megawati 310, na nyaya zake zimekatiza nyika mamia ya kilomita hadi Suswa kuingia kwenye gridi ya taifa. Waulize wafugaji wa Laisamis umeme huo umewasha taa ngapi manyattani. Upepo ni wao, mwanga ni wa wengine.

Ndipo tukaambiwa tusilie, sumni inakuja.

Sikiliza ilivyokuja. Katiba inataka sumni ihesabiwe kwa mapato yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa mara ya mwisho. Kwa maneno ni jambo la busara: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari likilazwa kabatini, haki yako nayo inalala humohumo. Ulipofika mwaka wa fedha wa 2023/24, hesabu zilizotumika kukugawia zilikuwa za 2019/20. Miaka minne nyuma! Hesabu hizo zilikuwa za trilioni 1.57, kwa hiyo fungu lako likawa kama bilioni 7.9. Na wakati huohuo mamlaka ya kodi ilikuwa imeshavuka trilioni mbili kwa mwaka. Sumni ya trilioni mbili ni bilioni kumi.

Umeona? Bilioni mbili na ushei kwa mwaka mmoja. Hakuna aliyevunja kasha, hakuna aliyefyatua risasi. Zimeyeyuka kwa sababu waheshimiwa hawakumaliza kupitia makaratasi.

Wewe ukinunua mafuta ya bodaboda unalipa kodi ya leo. Ukituma pesa kwa simu unakatwa leo, sekunde hiyohiyo. Umewahi kumwambia mwenye duka akutoze sabuni kwa bei ya miaka minne iliyopita? Jaribu. Mbona basi unachotozwa ni cha leo na unachodai ni cha juzi?

Na hicho cha juzi chenyewe hakikutoka chote. Kilichowahi kuingia kwenye akaunti ya Hazina hii tangu izaliwe ni sehemu ndogo tu ya kilichostahili. Kilichobaki kinaitwa malimbikizo, na kila mwaka kinaandikwa upya kwenye ripoti nzuri yenye jalada la rangi. Dawa ya deni kulipa, walisema wazee. Wizara ya Fedha imegundua dawa nyingine: kuripoti.

Halafu wakubwa wakapigana. Serikali ya kitaifa ilitoa mwongozo mwaka 2015 wa jinsi wizara zake zitakavyozitumia pesa hizo. Magavana wakasema la, maji na zahanati ni kazi za kaunti, wakaenda mahakamani. Novemba 2019 Mahakama Kuu ikautupa mwongozo huo nje. Kanuni mpya zikapatikana 2021. Kisheria magavana walikuwa na hoja, na mimi sibishani na majaji. Lakini hesabu mwenyewe: Katiba 2010, kanuni za kutegemewa 2021. Zaidi ya nusu ya uhai wa Hazina ilikwisha huku mafahali wakipigana, na nyasi ni yule msichana wa silangani.

Mtu akikukodisha nyumba kwa miaka 20, akakaa na ufunguo mfukoni miaka 11, kisha ukaingia na kukuta bati limetoboka, anaweza kweli kuja mwaka wa 20 akakwambia muda wako umekwisha, toka? Hata mwenye nyumba mkorofi kuliko wote pale Kisauni angeona vibaya. Serikali yako haitaona vibaya. Itasoma Kifungu cha 204, fungu la sita, itafunga kitabu.

Ukisikia haya utadhani angalau kile kidogo kinachotoka kinatosha kitu. Mwaka 2018 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitoa sera ya pili, ikaacha kuhesabu kaunti nzima, ikaanza kuhesabu maeneo. Yakapatikana maeneo 1,424 katika kaunti 34. Sina kinyongo. Umaskini hauna mpaka wa kaunti, na kuna kijiji katika kaunti yenye neema ambacho hakina tofauti na chetu. Ila chukua zile bilioni 7.9 uzigawe sawasawa kwa maeneo 1,424. Unapata kama milioni tano na nusu kwa eneo kwa mwaka mzima. Kilomita moja tu ya lami inameza makumi ya milioni.

Sumni waliyotunyima wakaja kuikatakata. Kisha wanashangaa haionekani.

Usiniambie kaunti zinapata mgao wao. Najua zinapata. Mgao ule ni wa kuendesha kaunti: mishahara, dawa, magari ambayo huwa yanaonekana zaidi ya dawa. Kaunti iliyoachwa nyuma miaka 50 ikipewa pesa za kutembea sawa na wenzake, itaendelea kubaki nyuma kwa umbali uleule. Hazina hii iliwekwa juu ya mgao huo kusudi wa nyuma wakimbie.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniwasha.

Kuna hazina nyingine nchini ambayo hailali hata siku moja. Unaijua. Kila mtu anaijua. CDF, Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge. Ilianza mwaka 2003, na kwa sheria ya 2015 inapata si chini ya shilingi mbili na nusu katika kila mia ya fungu la serikali ya kitaifa. Weka hiyo kando ya sumni uone. Na inakwenda kwa kila eneobunge, la walioshiba na la wenye njaa.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikasema sheria ya CDF ya 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema na ile ya 2015 ni kinyume cha Katiba pia, ikaipa muda hadi 30 Juni 2026. Uliona kilichotokea? Wabunge walisimama kama waliomwagiwa upupu. Serikali na upinzani, bara na pwani, walioachana kwa matusi wakakumbatiana. Mwaka 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuichomeka CDF ndani ya Katiba yenyewe ili majaji wasiiguse tena.

Kumbe wanaweza! Kumbe wakitaka kuokoa hazina wanajua njia, wanajua vifungu, wanajua kufika ukumbini mapema!

Niambie basi: ni lini uliwaona wakikimbia hivyo kwa ajili ya Hazina ya Usawazishaji? CDF mahakama imeisukuma, wakaibeba mgongoni. Hii nyingine Katiba yenyewe imeiwekea siku ya kufa, na Katiba yenyewe ikaacha mlango wa kuiokoa. Nani umemsikia akiugonga mlango huo?

Sababu unaijua. Darasa la CDF lina maandishi ukutani, rangi ya samawati, jina la mheshimiwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Basari ya CDF ina hundi ya kadibodi ndefu kama mlango, inashikwa na watu wanne, kamera zinapiga. Bomba la Hazina ya Usawazishaji halina picha ya mtu. Maji yakitoka, anayesifiwa ni Katiba, na Katiba haigombei kiti. Pesa isiyompa mtu kura haina mtetezi. Ndiyo siasa yetu hiyo, tusiipambe.

Lakini nisimalizie hasira yote kwa wabunge. Wewe je?

Ulipewa basari ya elfu tano, ukapiga vigelegele hadi sauti ikakauka, ukarudi nyumbani ukauza mbuzi wawili kumalizia karo. Hukujiuliza ni pesa za nani zile. Ulichimbiwa kisima cha kampeni, kikakauka kabla ya kura ya pili, ukasema ni mapenzi ya Mungu. Ukitangaziwa kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti, unauliza kama kuna nauli na soda. Kikiwa hakina soda huendi. Kikiwa nayo, unaenda, unakunywa, unasaini, unaondoka kabla hujajua umesaini nini.

Tumelala. Wazee wetu walinyang'anywa kwa sababu hawakujua kusoma karatasi ile ya 1965. Sisi tunajua kusoma, tuna simu mfukoni, na bado tunanyang'anywa. Tunagombana usiku kucha kuhusu timu za Uingereza, tunajua mshahara wa mshambuliaji ambaye hatutamwona maishani, na hatujui kama eneo letu limo katika yale 1,424.

Limo? Unajua? Umemuuliza chifu? Umemuuliza mwakilishi wadi wako mradi gani uliandikiwa kijiji chako, kwa pesa ngapi, na umefikia wapi? Hata senti moja haitoki kwenye Hazina bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na ofisi hiyo hutoa ripoti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutoa ripoti. Zinapatikana bure. Chapisha ukurasa mmoja tu unaohusu kaunti yako, upeleke msikitini baada ya swala, upeleke kanisani, upeleke kwenye baraza la kahawa. Uone nani atakayeanza kutoa jasho.

Na huo mlango niliousema, uko hivi. Bunge linaweza kutunga sheria ya kuisogeza mbele tarehe ya kufa kwa Hazina, kwa muda maalumu. Inahitajika zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa Bunge la Taifa. Katika Seneti, zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti 47, yaani kaunti 24.

Kaunti 24. Zilizo na maeneo katika orodha ya 2018 ni 34! Hatuna haja ya kumpigia magoti mtu yeyote Nairobi. Katika Seneti idadi tunayo na zaidi, mradi maseneta wa kaunti hizo wakumbuke wametoka wapi.

Sitaki waiongezee muda mtupu, tafadhali. Tukiongezewa miaka kumi ya malimbikizo tutakuwa tumeongezewa miaka kumi ya ripoti. Sheria hiyo iandikwe na deni ndani yake: kilichonyimwa tangu 2010 kilipwe kwa ratiba, tarehe na kiasi, na Bunge lifungwe mikono lisilaze hesabu kabatini. Bila hivyo waache ife tu, angalau tujue hatuna kitu.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Watakaochaguliwa siku hiyo ndio watakaokuwa wamekaa bungeni Hazina ikitimiza miaka 20. Hao hao. Wataanza kuja karibuni, na unga, na leso zenye picha, na spika juu ya gari. Unga chukua, njaa haina aibu. Kisha mshike mkono mbele ya watu na umuulize swali moja: 2030 utapiga kura ya kuiongezea muda Hazina ya Usawazishaji na kulipa deni lake, ndiyo au la?

Akisema ndiyo, mrekodi. Akisema jambo hilo atalifuatilia, mwambie ashuke jukwaani, aje mwingine.